Kithitu na Mifupa ya Mama

Mumbuni, 14 Agosti 2003

Kwa mdogo wangu Nduku, Kivaa,

Uvumilie mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Mahindi mmevuna? Duka langu linaendelea, ingawa siwezi kuinua hata debe la maharagwe.

Nasikia ulifurahi. Ulinilisha kiapo cha kithitu, kile kinachomwangamiza mwongo, mbele ya ukoo kwamba sikumsukuma mama akafa, na mwaka haujaisha mkono ukavunjika nikisonga ugali tu. "Kithitu kimemshika!" ukatangaza sokoni. Umesahau ni nani aliyemtunza mama miaka yote ile.

Sasa sikiliza. Daktari hakuniuliza niliapa nini. Aliuliza hedhi ilikoma lini, kama nimepungua kimo, na kama mama aliwahi kuvunjika. Nikamwambia nyonga, kama nyanya yetu. Akasema, "Mifupa kukonda hivi mara nyingi hurithiwa, mama, na hedhi ikikoma hukonda haraka. Huenda nyonga yake ilivunjika kwanza, ndipo akaanguka."

Piga hesabu. Nyanya alivunjika akiwa na miaka sabini, mama sitini na mmoja, mimi hamsini na mitatu. Wewe una hamsini na mmoja, na hedhi ilikuacha mapema kuliko mimi.

Mwanao Masila alipopita hapa alicheka kwamba siku hizi unapindia sketi zako za kanisa kwa sababu zimekuwa ndefu. Mimi sikucheka. Sketi hairefuki, Nduku. Njoo upigwe picha ya mifupa, na mtungi wa maji abebe mwingine.

Dada yako, hata ukikataa kunisalimia,
Syombua