Mnunuzi wa Kahawa Aliyenitukana

Mjukuu wangu Tupokigwe,

Ugonile, mwanangu? Huku Mpuguso hatujambo. Babu yako amepona kikohozi na migomba imebeba vizuri.

Umeniuliza umjibu nini huyo muuza simu aliyekutukana kwenye jukwaa la mtandaoni, eti kwa sababu ulimuuliza duka lake liko wapi. Amenikumbusha mtu mmoja.

Soko huria lilipoanza, wanunuzi wa kahawa walikuja wengi. Mmoja alitukusanya nje ya kanisa, akataka tumpakilie magunia yote siku ileile, malipo yafuate. Nikamuuliza, "Ghala lako liko wapi?"

Akacheka. "Huyu mwanamke hana mume wa kumfunga mdomo?"

Watu wakaanza kubishana, wengine wakinitetea, wengine wakinicheka. Nikasimama nimrudishie tusi lake. Mama mkwe wangu akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Anataka mgombane. Wewe uliza tena ghala."

Nikauliza tena, polepole. Watu wakaacha kubishana, wote wakamgeukia yeye wakingoja jibu. Akasema amechelewa, akapanda gari lake tupu akaondoka. Hatukumwona tena. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, maana mavuno yetu ya mwaka mzima yalikuwa bado mikononi mwetu.

Nimeshusha pumzi kusoma kwamba hujamtumia hela yoyote. Muulize tena mara moja tu, wenzako wasome, kisha zima simu ulale.

Nakuombea kila asubuhi,
Bibi yako