Mama Amekunywa Maji ya Chemchemi

Shoga, acha hayo mapishi kwanza unisikilize. Mama amekunywa maji ya ile chemchemi ya bustanini. Mbele ya meya!

Si unajua dada ndiye afisa habari wa manispaa? Wiki nzima hajalala vizuri, anaandaa sherehe ya kuifungua upya, ile ya mawe iliyojengwa kumkumbuka mwanasiasa wa enzi za ukoloni. Leo akamkalisha mama mstari wa mbele.

Meya akaanza kumsifu marehemu: "Huyu ndiye aliyetuletea maji!" Mama akainuka. Dada akadhani anakwenda msalani. Wapi! Akaenda moja kwa moja, akakinga viganja, akanywa. Halafu akanywa tena!

Dada akamkimbilia, akamnong'oneza, "Mama, rudi ukae, tafadhali."

Mama akajibu kwa sauti, kila mtu akasikia: "Baba yangu alibeba haya mawe mgongoni. Siku aliyokunywa hapa, wakoloni walimchapa viboko. Namnywea."

Namnywea! Shoga, hakuna aliyecheka wala kupiga makofi.

Dada ameambiwa kesho aende kwa meya kujieleza. Yeye na mama walipoingia garini hakuwa hata na nguvu za kugombana. Akasema tu, "Mama, miaka yote hii. Si ungeniambia hata jana?"

Mama akafunga mkanda. "Ningekuambia, ungenialika?"

Sasa hivi dada yuko sebuleni, amekaa na viatu vyake miguuni, na bado hajajibu.