Siku Tatu za Kaka Russell

Vermont, Alhamisi, 14 Novemba 2024. Asubuhi theluji nyepesi, hakuna upepo.

Dada Corinne,

Theluji inaanguka taratibu, mji wote kama umo usingizini. Jumatatu kaka Russell alikuja dukani kwangu kununua bastola. Tangu amzike mkewe hajawinda hata sungura.

"Nipe leo, Maud. Mimi si kakako?"

"Sheria ya jimbo ni siku tatu, kaka. Hata gavana angengoja."

Leo zimetimia. Nikamwekea bastola mezani. Akaitazama kama mtu aliyetoka ndotoni.

"Irudishe kabatini. Ungenipa Jumatatu, leo mngenizika."

Nimemleta kwangu, akanywa supu mabakuli mawili. Njoo Jumamosi. Namsikia anakoroma, nami nalala sasa, saa tatu na robo usiku.

Mdogo wako, Maud