Kiko cha Baba Sitakiwasha

Kambi ya barabara,
Tunduma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Najua anayekusomea ni Tupokigwe, na najua umekaa karibu na jiko, umeunyoosha ule mguu unaokusumbua. Tupokigwe, mdogo wangu, soma pole pole wala usiruke mahali, hata pale nitakapojitaja kwa ubaya. Magoti yanaendeleaje, Mama? Paa la upande wa mvua mmeliezeka, au bado mnahamisha vyungu kila wingu likipita? Yule mbuzi mweusi ameacha kula nguo za watu? Mimi mwili ni mzima. Nilikonda, halafu nikanenepa, na sababu yake utaisikia humu humu.

Barua ya Baba mdogo Yotamu imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Jibu langu nalitanguliza, ili asije akasema nilizungukazunguka. Nitakuja kumaliza matanga ya Baba. Kigoda chake nitakikalia na jina lake nitalichukua. Lakini kiko chake sitakiwasha. Kama Baba mdogo yupo hapo sebuleni, Tupokigwe, sentensi hiyo irudie kwa sauti.

Ameniandikia kwamba amesikia habari za kuacha kwangu tumbaku, na kwamba katika ukoo wetu mrithi asiyetoa moshi mbele ya watu hajarithi. Ati nikikataa kiko, kigoda ni chake yeye, na wewe Mama utahamia uani kwake, na nyumba aliyoijenga Baba kwa mikono yake itakuwa ghala la mahindi. Ameandika hivyo kwa mwandiko mzuri kabisa, na chini yake akanitakia baraka.

Desturi naijua, asinifundishe. Nilikuwepo siku Baba alipopokea kiko kile baada ya Babu kufariki. Bibi alileta kaa la moto kutoka jikoni, amelibeba kwenye kigae, Baba akavuta mara tatu, moshi ukapanda, akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu wa kanisa alikuwa nyuma ya migomba akijifanya anatafuta mbuzi wake, maana kanisa halitaki moshi ule. Nilikuwa mdogo, nikaona hakuna kitu kikubwa duniani kuliko moshi ule. Haukupita muda nikaanza kumwibia Baba tumbaku nikienda kuchunga. Nawe ulijua, Mama, maana ulininusa kichwa ukanyamaza.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijakuambia bado. Unakumbuka mlimtuma Ambwene, kijana wa jirani yetu, aniletee habari za msiba. Alitembea siku tatu. Alifika kambini asubuhi, wakati mimi nimekaa kitandani nakohoa kama nilivyokuwa nakohoa kila asubuhi kabla ya sigara ya kwanza. Nilipotoka nje nilimkuta ameweka mzigo wake chini, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Tata," alisema kwa sauti ndogo, kama anavyoitwa baba kwetu. "Mzee Kibona?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba yuko nyumbani Mbebe. Nani kakuambia yuko huku?"

Yeye hakucheka. "Lameki," akasema, "jembe nimeshika mwenyewe. Tumemzika Jumamosi. Na sasa hivi nimemsikia anakohoa humo ndani mwako."

Ndivyo habari ya kifo cha Baba ilivyonifikia, Mama. Nililia pale pale mlangoni, watu wakatoka na vikombe vyao vya uji kunitazama. Na katikati ya kilio nikakohoa tena, na safari hii nikakisikia kikohozi cha Baba mimi mwenyewe. Kinaanzia chini kabisa, kinakwama, kisha kinamalizika na ule mlio wa kukwangua. Wewe unakijua kuliko mtu yeyote. Ni wewe uliyekuwa unaamka kumpa maji, na ni wewe uliyekuwa ukimshika kifua miaka ile ya mwisho alipokuwa hawezi tena kupanda kilima cha kisimani bila kukaa njiani mara nne. Watu wote wa Mbebe walisema Mzee Kibona amelogwa. Mimi nasema alivuta.

Siku ile ile nilitoa pakiti mfukoni nikampa Ambwene. Aliipokea kwa furaha ambayo haifai msibani, naye akabaki hapa kambini, akapata kazi ya kubeba karai.

Usidhani ni jambo dogo, Mama. Wanaosema kuacha tumbaku ni nia tu, hao hawajavuta. Siku za kwanza niligombana na kila mtu kambini, hata na sufuria. Mikono haikujua pa kukaa. Nilikuwa nainyanyua mdomoni haina kitu, naishusha, nainyanyua tena. Jasho lilinitoka nimekaa kivulini. Mtu akiwasha, nilijikuta nimehamia upande unakoenda moshi wake, kama mbwa anayemfuata mwuza nyama. Nilitafuna mahindi ya kukaanga mpaka taya zikauma, na huko ndiko kunenepa kulikotoka.

Lakini nimeijua tabia ya kiu hii. Haina subira. Inakuja kwa fujo, inataka uijibu sasa hivi, ati usipoijibu utakufa. Basi mimi naipa kazi. Naichotea maji, naipigia sururu, naiimbia nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Ikiona haisikilizwi, inaondoka. Baadaye inarudi kuchungulia kama nimelainika, nami naikaribisha kwa sururu ile ile. Na ijue kwamba mimi ni mtoto wa Mama gani.

Tatizo kubwa halikuwa kiu, lilikuwa kupumzika. Hapa kwetu barabarani hakuna kupumzika ila kwa moshi. Nyapara wetu ni Silwamba, Mnamwanga wa hapa hapa, mtu mrefu mwenye filimbi. Jua likipanda anapiga filimbi na kusema, "Washeni!" Hapo wavutaji wanaweka sururu chini, wanakaa ukingoni, wanavuta. Asiyevuta anaendelea kuchimba. Ndivyo walivyozoea tangu barabara ilipoanza, maana bwana mkubwa mwenye kazi hii naye anavuta, na haamini kwamba mtu anaweza kuhitaji kukaa kwa sababu nyingine. Wapo vijana wawili waliosoma Mbozi Mission, tumbaku hawajaigusa maisha yao yote, lakini kila mmoja ameweka kipande cha sigara iliyozimika nyuma ya sikio. Filimbi ikilia wanakiweka mdomoni, wanakaa, wanafumba macho. Waliniambia nami nifanye hivyo. Nikakataa. Nimeacha ili nisidanganye kifua changu, halafu nidanganye filimbi?

Filimbi ilipolia, niliweka sururu chini nikakaa, mikono magotini, mitupu.

Silwamba akaja juu yangu. "Wewe Kibona, unavuta nini?"

"Navuta hewa, nyapara."

"Hewa unaweza kuvuta huku unachimba."

"Na moshi vile vile," nikamwambia. "Mbona hawa hawachimbi?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilinigharimu. Alinipeleka kwenye kokoto, kugonga mawe peke yangu juani wiki nzima. Kila filimbi ilipolia nilikaa juu ya mawe yangu. Alinipigia kelele, nikakaa. Alisema atanifukuza, nikamwambia afukuze mtu aliyekaa pamoja na wote waliokaa. Madereva wa malori ya ng'ambo ya mpaka nao walikuwa hawanisaidii. Wanasimama kujaza maji, wanashusha kioo, wananisalimu kwa lugha yao: "Mwapoleni mukwai! Fwaka hii hapa, bure!" Fwaka ndiyo tumbaku kwao, na mkono unaokunyooshea kitu cha bure ndio mgumu kuukataa. Niliukataa kwa kutazama milima ya kwetu.

Wiki ya pili wale vijana wa Mbozi Mission walitupa vipande vyao, wakaja kukaa na mimi, wamekunja mikono kama watu walio kanisani. Siku hizi Silwamba akipiga filimbi anasema, "Washeni, na Kibona akae." Anasema kwa kunikejeli. Mimi nakaa.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kupita mbio. Lakini nimemwambia Tupokigwe asiruke, basi na mimi nisiruke.

Barua ya Baba mdogo ilinikuta nina miezi minne bila moshi. Niliisoma nimekaa kwenye rundo la kokoto. Ukurasa wa kwanza ulipofika pale pa nyumba yako kugeuzwa ghala, hasira ilinipanda, wala sikugeuza karatasi kuona nyuma kumeandikwa nini. Karibu yangu alikaa mtu mwenye tumbaku ya majani asiye na karatasi. Kambini karatasi ni adimu, gazeti likifika linavutwa kabla halijasomwa. Aliniangalia mimi, akaiangalia barua. Nikachana pembe ya chini, kipande kipana, nikamgawia nusu, na nusu nyingine nikasokota yangu.

Nilivuta, Mama. Nilivuta mpaka vidole vikaungua. Ningependa kukuambia kwamba ilikuwa chungu. Haikuwa chungu, ilikuwa tamu, na hasira ikashuka yote. Kisha nikakohoa, na Ambwene, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na karai kichwani, akasimama akageuka kutazama. Aliniangalia kwa macho yale yale ya siku ile ya mlangoni.

Tulipokwenda kula aliniuliza, "Matanga wamesema siku gani, tuombe ruhusa mapema?" Nikaitoa barua nikaigeuza. Nyuma, chini kabisa, Baba mdogo alikuwa ameandika, "Nawe usikose kufika siku ya", na baada ya hapo hakuna karatasi. Tulikwenda kule kwenye kokoto tukapekua majivu kama wendawazimu. Hapakuwa na kitu. Siku ya matanga ya baba yangu mzazi niliiteketeza mwenyewe mdomoni.

Najua Baba mdogo akisikia hili atacheka mpaka ashike mbavu. Atasema, huyo ndiye mnayemwita ameacha. Acheke. Sina aibu ya kuficha, nimeiweka hapa kwa wino wangu mwenyewe. Nilianguka siku moja, kesho yake filimbi ilipolia nilikaa mikono mitupu mbele ya watu wale wale walioniona, na hilo lilikuwa gumu kuliko wiki yote ya kokoto. Tangu siku ile sijagusa, na sitagusa, iwe kwa kiko, kwa msokoto, wala kwa sigara ya dereva.

Sasa ombi langu, Mama, nalo ni lako peke yako ingawa wengine wanasikia. Kaa la moto ni la mjane. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kulileta, na Baba mdogo mwenyewe ndiye husimamia hilo katika kila matanga ya ukoo. Basi siku hiyo watakapokuita, wewe kaa ulipo. Liache kaa jikoni lipike chakula cha wageni. Mimi nitakishika kiko cha Baba mbele yao wote, nitakiweka mdomoni kikiwa baridi, mara tatu kama alivyofanya yeye, nitakirudisha mahali pake ukutani. Kisha nitakaa kwenye kigoda, na atakayetaka kuninyanyua aje na nguvu za kutosha. Akitokea wa kuuliza kama mimi kweli ni mwana wa Kibona, amwulize Ambwene alisikia nini mlangoni.

Na ukiona huwezi kuwakatalia, ukalileta lile kaa, sitakulaumu. Umewatii watu hao maisha yako yote. Lakini nitaliacha lizimike kwenye kigae, hata likichukua mchana mzima, na nyumba yako haitakuwa ghala la mtu maadamu miguu yangu inaweza kutembea siku tatu.

Nisalimie Baba mdogo Yotamu, mwambie shikamoo yake naituma kwa heshima zote, hayo mengine tutaonana. Nisalimie Shangazi anayekaa ng'ambo ya mto, na mamaye Ambwene, mwambie mwanawe ni mzima ila sigara nilizompa ndizo zinazomchelewesha kupanda mlima, na nimeshaanza kumsema. Nisalimie mwalimu wa kanisa. Mwambieni safari hii hana haja ya kutafuta mbuzi, aje akae mbele na watu wengine.

Ni mimi mwanao aliyebaki na kikohozi kidogo tu,
Lameki

Tupokigwe, siku ya matanga niandikie upya. Iandike juu kabisa, katikati ya karatasi, kwa herufi kubwa. Pembeni usiandike kitu.