Chura wa Chumba Cheupe

Shangazi mpendwa, sasa hivi binti yangu amepanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameinua kijiko cha maziwa mpaka juu ya dirisha na kusema taratibu, "Kunywa, mdogo wangu," na mimi badala ya kumkataza nimekaa chini kukuandikia wewe, maana sina mwingine wa kumwambia.

Baba yake ni fundi rangi, na nilipokuwa na mimba ya pili alikipaka kile chumba kidogo rangi nyeupe iliyobaki kazini, akasema mgeni wetu akute kwake kunang'aa, lakini mgeni alizaliwa kimya, hakulia, wakamfunika wakaenda kumzika kabla sijamwona vizuri, nilichoona ni vidole tu, na tangu hapo mlango ule hatukuugusa mpaka binti yangu alipoanza kuingia mwenyewe na kuzungumza na kitu.

Nikamfuata. Juu ya dirisha, pale jua la mchana linapopiga, palikuwa na chura mweupe kama chaki, amejikunja, mikono kaificha kifuani kama mtoto aliye tumboni, na jua lenyewe la kukausha mablanketi, chura gani huyo anayeota jua? Jioni nikamkuta wa kahawia, rangi ya fremu ya mbao, mahali pale pale. Nilipomgusa alifungua mkono akanishika kidole akanata, na vidole vyake vina viduara nchani, laini kama vya mtoto mchanga, nikajikuta nalia huku nacheka. Na nikiimba wimbo wa kubembeleza, kuna kitu kinaitika ndani ya bomba la maji ya mvua nje ya dirisha, nikinyamaza nacho kinanyamaza.

Mume wangu anasema, "Huyo ni chura, mke wangu, usimpandishe cheo." Mama mkwe hana mzaha. "Chura wa kawaida habadili rangi wala hapandi ukuta. Hicho kimetumwa, na kimeshaanza kumchezea akili mjukuu wangu." Tena ameona povu kama la sabuni linaning'inia kwenye tawi juu ya pipa la maji, wala hakuna aliyefua, akasema ndiyo mate yake, na leo anataka kuvimwagia vyote maji ya moto, nikikataa anaondoka na binti yangu akamlee yeye.

Shangazi, najua nitachekwa, lakini niambie, mtoto aliyeondoka bila kulia hawezi kurudi kutafuta chumba chake? Maana kama ni yeye siwezi kusimama nikitazama, na kama si yeye mbona jana binti yangu alimwita kwa lile jina nililomchagulia moyoni tu, sikumtamkia mtu, hata baba yake, na jina lenyewe ni, ngoja, mama mkwe ananiita, anasema maji yamechemka nikashike upande wa pili wa sufuria, nikirudi nita

*

Mwanangu,

Barua yako imenifikia imekatika hapo, na chini yake pana tone la maji lililokauka. Nakujibu kana kwamba sufuria bado iko jikoni.

Kwanza pole. Ulizaa, ukazika, kisha ukaambiwa maisha yaendelee. Hilo halikuwa haki.

Sasa nikugombeze. Mkweo kakosea, na wewe umekosea kosa lile lile: mmemtambua chura kwa rangi. Huyo ni chura wa miti. Juani huwa mweupe ili asiungue, jua likishuka hurudi kahawia. Hujikunja ili asikauke. Ukitaka kumjua tazama vidole: vile viduara ndivyo vinavyompandisha ukutani, chura wa matopeni hana. Lile povu ni kiota, mna mayai ndani. Bomba humkuzia sauti. Na hakukushika, mwanangu. Alinata.

Halafu unamwacha mtoto ampelekee maziwa, kisha kijiko kile kile kirudi kinywani mwake? Hiyo si huruma. Ute wa ngozi ya chura huwasha, mnawishe mikono kwa sabuni.

Kuhusu jina, nimelifikiria tangu nilipoisoma barua yako. Labda unalitamka usingizini, na watoto wana masikio. Labda.

Fanya hivi. Maji ya moto yaende bafuni, mkweo akaoge. Mwambie kwa adabu, lakini ukiwa umesimama, kwamba mjukuu wake haendi popote, na kama ana hofu naye, kitanda cha mgeni kipo. Mfunike chura kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpelekeni kwenye miti, binti aone na amwite chura. Tawi lenye povu likate ukalifunge juu ya dimbwi, viluwiluwi vikitoka viangukie majini. Weka wavu dirishani.

Kisha mwambie mumeo lile jina. Nendeni wote watatu kaburini mkalitamke kwa sauti, mahali pake.

Mkirudi, ingia chumba cheupe uimbe wimbo wako mpaka mwisho. Bomba likiitika, ni chura mwingine, wapo wengi. Usirudie ubeti ili likujibu tena. Funga mlango, uende kwa yule anayekuita Mama kwa kinywa chake.