Kadi ya Kamera Iliyogoma na Mkate wa Arusi

S.L.P. 88,
Verbova, Manitoba.
24 Februari 2013.

Mpendwa Darka,

Nakusalimu kutoka huku kwenye theluji, nikitumaini kwamba wewe na mchumba wako Callum hamjambo na kwamba upepo wa Halifax umewaachia paa la nyumba. Je, kile kikohozi kimekwisha? Kunywa asali na uache ubishi.

Sisi tu wazima kiasi chetu. Babu yako analalamikia magoti, lakini mezani hana goti wala maumivu. Bibi yako ametolewa hospitali Jumanne. Anaongea, ingawa polepole na kwa kutafuta maneno, na mkono wa kulia bado haujarudi. Anaushika kwa ule wa kushoto na kuuweka mapajani. Daktari anasema tusubiri. Mimi kusubiri sikujui, unanielewa.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu tuliagana vibaya. Ulilia, ukasema kwamba kama baba yako mdogo Metro ndiye aliyefuta picha za bibi akitengeneza mkate wa arusi, basi Juni, siku ya arusi yako, hatakushika mkono kukuingiza kanisani, utamtafuta mtu mwingine. Sikukujibu. Nilisema maji yanachemka, nikakata. Sasa nakujibu, na naomba usome hadi mwisho kabla hujamwandikia Metro neno lolote.

Nianze na siku yenyewe, maana wewe uliipata kwa vipande vipande.

Ilikuwa ile Jumamosi ya mkate wa arusi ya kijana wa Pawluk. Uliniomba nipige picha kila hatua, ili uje kujiokea mkate wako huko huko mbali. Nami nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Unaijua mila yetu ya Kiukraini: mkate wa arusi haukandwi na mjane, asije akamtia bibi arusi mkosi. Tangu Orest wangu afariki, miaka tisa sasa, nikiingia jiko la ukumbi wa kanisa siku ya mkate, wanawake saba wenye waume zao hunitazama mikono kama polisi. Naruhusiwa kuosha masufuria. Mwaka huu nikapewa kamera, nikajiona nami nimo.

Nilipiga picha tangu bibi yako alipofunga kitambaa kichwani. Nikapiga unga, mayai, kusuka, halafu wale ndege wadogo wa unga wa kupamba juu. Katikati nikatoka nje kumpiga picha babu yako akishushwa garini kwa mbwembwe. Nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, ndani sufuria nne za pirohi, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, zinafuka mvuke. Nikarudi mbio na kamera mkononi, sikuifunga hata kwenye mfuko wa plastiki ipate joto taratibu. Mtu wa Manitoba, miaka hamsini na nane! Miwani ikapata ukungu, kamera ikalia machozi. Pani Olena, yule mke wa mwimbishaji wetu wa kanisani, akaniona.

“Stefka, hiyo mashine umeiogesha?”

“Itakauka.”

“Mume wangu angekauka hivyo ningemzika.”

Wakacheka wote. Nikaipangusa kwa aproni, ikaendelea kupiga vizuri, nikajua yamekwisha.

Mkate ulipoingia tanurini, Metro akaja na kompyuta yake ili bibi yako, Mama yetu, aone picha. Unamjua Metro, subira yake ni ya kungoja ng'ombe azae, si ya kungoja kitu kingine. Akaichomoa kadi wakati taa nyekundu ya kamera bado inawakawaka, na hiyo taa maana yake kamera bado inaandika, usiiguse. Kompyuta ikakataa kuisoma. Akaichomeka, akaichomoa, akaipuliza, mwisho akairudisha kwenye kamera, akasema kompyuta yake ni mbovu, akaenda kulisha ng'ombe. Hapo ilikuwa saa nane mchana.

Usiku ule kompyuta yangu nayo ikaikataa kadi. Ndipo ilipoanza wiki ya kunitia wazimu.

Darka, penye wengi pana mengi. Sijapata kuona kijiji cha watu mia mbili chenye mafundi mia mbili. Mmoja akaniambia nisugue vile vidhahabu vya nyuma kwa kifutio cha penseli. Nikasugua. Mwingine akasema nitazame kile kiswichi kidogo cha ubavuni kama kimejifunga. Hakikuwa kimejifunga, ila nilikisukuma huku na huku hadi kucha ikakatika. Nikaitia kwenye kamera ya padri, ikaandika kadi ina hitilafu. Nikaenda nayo duka la picha mjini, mashine yao ikazunguka dakika ishirini halafu ikanitolea risiti tupu. Pani Olena akaniletea bakuli la mchele mkavu, niizike humo siku tatu. Nikaizika! Na mume wake akasema mchele ni upuuzi, mambo ya kadi hutengemaa kwenye friza. Nilimwuliza amesomea wapi. Akasema friza lake lina umri wa miaka thelathini na halijawahi kuharibu kitu. Sikuitia kwenye friza. Nina akili zangu bado, japo hasira ilikuwa imenipanda hadi nikaipigia kelele kadi yenyewe, kitu kidogo kama stempu ya barua, peke yangu jikoni.

Siku ya nane mtoto wa Pawluk akaja na kisomeo kipya cha kadi, kikaisoma mara moja. Kumbe kisomeo changu kilikuwa na pini imepinda, na kamera ya padri na mashine ya dukani ni za zamani, hazisomi kadi kubwa za siku hizi. Tukafungua. Picha sita. Mkate umeiva, uko mezani, picha sita tu. Za kabla hapo hakuna.

Pawluk mdogo akasema kadi imefomatiwa, yaani mtu amebonyeza ndiyo kamera ilipouliza kama iifute na kuiandaa upya. Akauliza ni nani aliyeigusa. Jikoni palikuwa na watu sita. Wote wakamgeukia Metro.

“Mimi nilichomoa tu,” akasema Metro.

“Ulibonyezabonyeza,” nikamwambia.

“Labda. Sikuwa na miwani.”

“Labda! Mtu mzima na labda!”

Akachukua kofia yake, akatoka. Siku nne baadaye Mama akaanguka bafuni kwa kiharusi, mkono ukafa, na zile picha zikawa si za kumbukumbu tena, zikawa ndizo mikono yenyewe. Metro alikaa hospitali na kofia yake mapajani, kila anayeingia anamwambia, nimefuta picha za Mama. Hata manesi aliwaambia. Mimi nikiwa kando yake.

Baadaye tukasikia kuna mtu Winnipeg anayefufua picha zilizofutwa. Akatuambia kwa simu kwamba tusipige hata picha moja zaidi kwa kadi ile, kwa kuwa kufuta hakuondoi picha, huondoa orodha tu. Picha hubaki chini hadi picha mpya ikalie mahali pake. Metro akaendesha gari muda wa saa nne kwenye barafu, kadi imo ndani ya glavu yake. Alisema mfukoni ingepata baridi.

Alirudi Alhamisi. Zimerudi picha mia na themanini na nne, ziko kwenye diski iliyomo humu. Utaona kusuka kote na ndege wote, mkono wa bibi yako ukiwapinda shingo mmoja mmoja. Sita hazikurudi. Ni zile sita za kwanza kabisa: Mama anafunga kitambaa, Mama anaubariki unga kwa ishara ya msalaba, Mama anapima unga. Na unajua hapimi kwa kikombe, hupima kwa konzi zake, akihesabu kimoyomoyo. Nimemwuliza konzi ngapi. Ananyanyua mkono wa kushoto, anautazama, anatikisa kichwa. Picha sita za mkate zimekalia picha sita zake.

Pamoja na diski, fundi alimpa Metro karatasi ya maelezo. Nayo imo humu, isome mstari wa tatu. Kamera ikishafuta kadi huanzisha folda mpya na kuandika saa. Saa ya kamera yangu haikosei, mimi mwenyewe huirekebisha kila serikali inaposogeza saa mbele au nyuma. Imeandikwa saa kumi na dakika saba alasiri.

Saa kumi na dakika saba Metro alikuwa zizini kwake, maili kumi na moja kutoka ukumbini.

Mkate ulikuwa ndiyo kwanza unatoka tanurini, Darka. Umepanda, haukupasuka hata mahali, na Mama anatokwa na machozi. Wanawake saba wamejipanga nyuma yake. Nikainua kamera, ikaandika kwamba kadi ina hitilafu, ifomatiwe, ndiyo au hapana. Nilijua maana yake, usidhani sikujua. Pani Olena akasema, “Haya piga basi, Stefka, kazi yenyewe ni hiyo moja!” Nami sikuweza kusimama mbele ya wake za watu, mimi nisiyeruhusiwa kugusa unga, niwaambie kwamba hata hii imenishinda. Nilibonyeza ndiyo. Kamera ikakubali, nikapiga sita, wakanishangilia. Nilijiambia huenda zile nyingine zimejificha mahali. Nilijiambia hivyo wiki nzima, mchele na kifutio na yote, nikijua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa wiki tano, na kila hatua alikuwa Metro akiitembea kwa niaba yangu. Kule kuchomoa kwake, au ukungu wangu, ndiko kulikoigomesha kadi. Kufuta ni kwangu peke yangu.

Alipoingia Alhamisi alinipa diski kwanza. Kisha akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nne, akaiweka chini ya bakuli la sukari. Nikamwuliza ni nini. “Ya fundi,” akasema. “Isome ukiwa peke yako, dada. Mimi nimeshaisoma.” Akanywa chai yake, akaniuliza kama gari langu linawaka asubuhi na baridi hii, akaondoka. Hajasema zaidi ya hapo, wala hajamwambia mtu. Nilipoisoma nilikaa chini sakafuni kama mtoto.

Leo baada ya ibada nilisimama jikoni ukumbini nikawaambia wote, Pani Olena akiwa wa kwanza kusikia. Hakuna aliyecheka. Metro alikuwa anakunja viti, akaendelea kukunja.

Kwa hiyo jibu langu la simu ni hili. Mwache Metro akushike mkono akuingize kanisani, kama ambavyo marehemu baba yako angetaka. Mimi niweke benchi lolote, na kama hutaki kuniona siku hiyo nitaelewa, nitakuombea nikiwa nyumbani.

Babu yako anakusalimu, na anauliza kama Callum amejifunza kula kiazisukari kwa malai. Metro anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Nisalimie Callum na mama yake. Bibi yako amekubusu kwenye karatasi hii, pale palipolowa kidogo pembeni.

Mungu awalinde, na ndoa yenu ipande bila kupasuka.

Nisamehe ukiweza.

Wako akupendaye,
Shangazi Stefka