Mama Anataka Hadithi za Kutisha Zisomwe Hadi Mwisho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, kwa sababu jana asubuhi mama yangu mzazi aliniuliza swali na mpaka sasa sijalijibu. Mama alikuwa mkunga miaka thelathini, sasa yuko kitandani, mgonjwa, na macho yake yameingia ukungu, mimi ni karani na nimechukua likizo nimuuguze, na kila siku baada ya chai hutaka nimsomee, basi nikamnunulia kitabu cha mafunzo mema, akasikiliza kurasa mbili akasema, "Mwanangu, hiki kinanipa usingizi tu. Nitafutie cha kutisha." Nilishtuka, lakini nikaazima kwa mfanyakazi mwenzangu kitabu cha hadithi fupi, na loo, mshauri, sijui wanaoandika vitu vile hulala vipi, maana kuna mke anayemwekea mumewe sahani mezani kila siku kwa miaka saba, majirani wanamsifu kwa uaminifu, kumbe mume yuko chini ya sakafu ya jikoni humo humo na aliyemweka ni yeye, na mama yangu, mwanamke wa sala, anasikiliza kakamata shuka, anasema, "Ehe! Halafu?"

Sikuweza. Nilipofika mwisho nilibuni wangu, nikasema mume alirudi kutoka safari ndefu na mizigo ya zawadi. Mama akasema, "Alirudi? Haya." Basi ikawa kila hadithi naiponya, waliozama nawaokoa, waliopotea nawarudisha kwao, mpaka juzi mama mdogo alipokuja kumwangalia dada yake akamsomea ile ile ya sahani, alipofika kwenye sakafu akapiga ukelele na kitabu kikamdondoka, na mama akacheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho sijakisikia tangu augue, kisha akasema, "Kumbe hakurudi."

Jana akaniita. "Kaa hapa. Kila anayeingia humu ananiambia nimependeza. Hicho kitabu peke yake ndicho kilichokuwa hakinibembelezi, na wewe ukakifundisha uongo." Nikaomba radhi. Akanishika mkono. "Sasa ile barua ya daktari, ulinisomea nini?"

Mshauri, barua ile ilikuja wiki sita zilizopita, na ilisema ugonjwa umesambaa, dawa hazitamponya, amebakiza labda miezi minne. Mimi nilimsomea kwamba dawa zinafanya kazi vizuri. Jana nilimjibu kwamba naenda kuzima jiko, na jiko halikuwa limewashwa. Kaka yangu mkubwa anasema nifiche vitabu vyote kwa sababu vinaita kifo, na nishikilie neno langu la kwanza. Nifanyeje?

Binti wa Mkunga

Binti,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Pole sana. Kuuguza mzazi kunamla mtu, na najua ulifanya hivyo kwa mapenzi. Sasa acha nikugombeze. Karani mzima! Kazini ukipokea barua ya mtu ukaibadilisha maneno, si ungefukuzwa siku hiyo hiyo? Iweje barua ya mama yako, tena inayohusu mwili wake mwenyewe?

Mwambie kaka yako aviache vitabu vilipo. Kifo hakingoji kadi ya mwaliko. Mama yako amepokea watoto miaka thelathini, wengine walilia na wengine hawakulia, na yeye ndiye aliyetoka nje kuwaambia wazazi. Mtu huyo unamkinga na sakafu ya jikoni? Mwoga ni wewe. Hata mimi nazipenda hadithi hizo, ingawa huzisoma nimefunga mlango kwa komeo. Hofu ikiwa kwenye karatasi unaweza kuitazama usoni, ukaifuata hadi mwisho, ukafunga kitabu bado unapumua. Mama yako alikuwa anajipima ubavu na kile anachojua kinakuja, nawe ukamwondolea mpinzani ulingoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha hata si mgonjwa.

Chukua barua ile ile, usitegemee ya kichwani. Keti kitandani, usisimame mlangoni. Omba radhi kwa maneno machache, halafu soma kuanzia tarehe ya juu hadi sahihi ya daktari, bila kuruka neno. Akikuambia uache, acha, huo ni uamuzi wake. Akinyamaza, nyamaza naye. Machozi yakija yaache yatoke, mkunga hashangai kuona mtu analia. Kisha muulize muda uliobaki anataka kuutumia vipi, na nani aitwe.

Na ufanye haraka. Daktari alisema miezi minne. Wiki sita umezikalia wewe, na barua yako imekaa wiki mbili mezani kwangu ikisubiri nafasi gazetini. Karibu miezi miwili imeisha, na mwenyewe bado hajaambiwa kwamba ilikuwa minne. Weka gazeti hili chini, uingie chumbani kwa mama yako.